Kufuata petroli ya bei rahisi sheli ya mbali, inalipa kweli au tunajichosha? (Arusha)

dada_wa_njiro

Wakuu habarini za jioni. Naomba mnisaidie hili maana nyumbani limeshakuwa mada ya kila wiki. Nakaa Njiro, kazini kwangu ni mjini karibu na Mnara wa Saa, gari ni Toyota IST ya cc 1300, kwa foleni zetu za asubuhi inanipa kama kilomita 12 kwa lita siku ikiwa nzuri. Sheli iliyo karibu na nyumbani wanauza bei kikomo ile ile ya EWURA, mamlaka inayopanga bei ya juu ya mafuta, hawashuki hata shilingi moja. Sasa mume wangu kagundua sheli moja ukishapita Kisongo, barabara ya Makuyuni, wanauza pungufu ya shilingi 70 kwa lita, akaniambia kuanzia sasa Jumamosi niwe naenda kujaza kule, nipite baipasi hakuna foleni, nijaze nirudi.

Mi sipingi kubana matumizi kabisa, tuna watoto watatu shule na kila mia ina kazi yake. Ila nikienda kule asubuhi ya Jumamosi imekwisha, kufua sijafua, sokoni sijaenda, na nikifika nyumbani mshale umeshashuka kabla Jumatatu haijafika. Yeye anasema 70 ukiizidisha kwa mwaka mzima ni hela ya ada, na akiongea hivo nakosa la kujibu maana kweli kwa mwaka ni hela. Moyoni naona kuna kitu hakikai sawa ila sijui niipigeje hesabu ili nimwonyeshe kwa upole bila ugomvi. Wenye magari, wenye boda, wenye Hiace, nyie mnaamuaje wapi pa kujaza?


mhasibu_sakina

Dada pole, hesabu yake sio ngumu, kaa nayo mezani na shemeji mkiwa na kalamu. Bei inabadilika kila mwezi kwahiyo tuseme petroli ni 3,000 ili isitusumbue, na kule Kisongo ni 2,930.

Ukijaza lita 30 unaokoa 70 mara 30, ni 2,100. Hiyo ndo hela anayoiona shemeji, akizidisha kwa wiki 52 anapata 109,200 na ana haki ya kusema ni hela nyingi. Ila hajaweka upande wa pili. Kutoka Njiro mpaka kupita Kisongo na kurudi tuseme kilomita 36, gari lako linakula lita 3, hata ukizinunua kwa bei ya kule ni 8,790. Umeokoa 2,100 umetumia 8,790, yani kila Jumamosi unatoka nyumbani kwenda kupoteza karibu elfu saba. Kwa mwaka hiyo safari inakula 457,080. Hapo sijagusa tairi, oili wala muda wako, ni mafuta tu ya kufuata mafuta. Na hata kama baipasi gari linakwenda vizuri likakupa kilomita 15 kwa lita, bado ni elfu saba na kitu, jibu halibadiliki.

Sasa swali la maana ni umbali gani unalipa. Chukua unachookoa gawanya kwa bei ya lita, 2,100 kwa 3,000 ni lita 0.7, zidisha kwa kilomita 12 unapata 8.4. Maana yake sheli yenye pungufu ya 70 ikiwa kilomita 4 kutoka njia yako, kwenda 4 kurudi 4, umetoka sare, hujapata wala hujakosa, na muda wako tumeuhesabu bure. Pungufu ikiwa ni shilingi 20 tu, ambayo ndo tofauti nnayoikuta zaidi hapa mjini, umbali unabaki kilomita 2.4 kwenda na kurudi, sasa hiyo ni kuvuka barabara tu. Alafu kuna watu wanaweka ya elfu ishirini wanakwenda kufuata bei ya chini, lita 6 na ushee hizo, hata kilomita 2 kwenda na kurudi hupati.

Kwahiyo kanuni yangu ni moja, sheli ya bei rahisi inalipa ikiwa iko kwenye njia unayopita kwa shughuli nyingine. Kama kuna Jumamosi mnakwenda Kisongo au Monduli kwa mambo yenu, ingia ujaze mpaka juu, hapo shemeji yuko sahihi asilimia mia. Kufunga safari kwa ajili ya sheli tu, hapana.


boda_sanawari

Mhasibu kapiga kwenyewe. Mi niongee ya upande wetu wa pikipiki maana sisi tunaweka wese kila siku sio kwa wiki.

Boxer yangu inanipa kama kilomita 40 kwa lita na kwa siku naweka kama lita 5. Kwa hiyo 70 ya dada kwangu ni 350 kwa siku, na usiione ndogo, ukishalipa hesabu ya bosi na ukala mchana, kinachobaki ndo hizo hizo 350 zimejikusanya. Ila sifuati sheli, sheli inanifuata mimi. Nikimpeleka mtu Kwa Mrombo najua ipi kule iko chini naweka, nikipata abiria wa Ngaramtoni hivo hivo, sisi vijiweni tunajua bei za sheli zote za mji kabla hata hawajabadilisha namba kwenye ubao.

Kinachotuua sisi ni foleni. Sheli ikishajulikana iko chini, saa 1 asubuhi unakuta boda na bajaji zimejipanga mpaka barabarani, unasimama dakika ishirini kuokoa mia tatu na hamsini na hiyo ndo saa ya wafanyakazi na wanafunzi, dakika ishirini asubuhi ni vichwa viwili na ni elfu mbili tatu hiyo imepita mbele yako unaiangalia. Saa 5 mchana kijiwe kimelala, hapo nasimama hata nusu saa hainiumi. Kwahiyo mtu akiniuliza muda wangu una thamani gani namuuliza saa ngapi, maana haulingani siku nzima. Na wewe dada Jumamosi yako asubuhi ndo saa yako ya abiria hiyo, kufua na soko, mwambie shemeji hivo hivo atakuelewa.


hiace_moshi_arusha

Niongezee la njia kuu, mi napiga ruti Arusha Moshi miaka sasa. Watu hawajui kwanini bei zinatofautiana mji na mji. Mafuta ya kaskazini tunayapata bandari ya Tanga, na EWURA wakitangaza bei kikomo wanaweka kwa kila wilaya kufuatana na umbali wa kuyasafirisha, ndo maana Moshi kwa kawaida iko chini kidogo ya Arusha, ni shilingi chache tu kwa lita, na ukisogea Karatu au Loliondo inapanda. Hiyo ni bei ya juu kabisa anayoruhusiwa kuuza, kushuka chini anaruhusiwa, na kwenye barabara hii kuanzia Tengeru, Usa River, Boma Ng'ombe mpaka unaingia Moshi sheli ni nyingi zinagombea magari, lazima kuna wanaoshuka.

Kwa siku nikipiga mizunguko miwili natumia kama lita 36. Nikiweka penye pungufu ya 40 ni 1,440 kwa siku, kwa siku 26 za kazi ni 37,440. Na sijachepuka hata mita mia, ni kupaki tu upande wangu wa barabara kabla sijapakia. Hela hiyo nainunulia oili. Kwahiyo mtu wa barabarani anayesema tofauti ya shilingi arobaini ni upuuzi simuelewi, na mtu wa Njiro anayekuja mpaka Usa kuzifuata simuelewi pia.

Jambo moja wengi wanalisahau, bei mpya inaanza kutumika Jumatano ya kwanza ya mwezi. Wiki hiyo ukisikia mafuta yanashuka usijaze Jumanne, weka ya kukufikisha tu. Ukisikia yanapanda jaza Jumanne mchana, sio usiku, maana usiku ndo utaambiwa umeme hakuna au mashine ina tatizo. Ukipishana vizuri na Jumatano hiyo unaweza kuokoa mara mbili ya hiyo 70 na hujaenda popote.


dada_wa_njiro

Asanteni sana jamani, hii ya 457,080 nimeiandika kwenye karatasi. Mhasibu Mungu akubariki. Ila kabla sijamwonyesha, kuna kitu kingine kinanitia wasiwasi na ningependa mjue mnisaidie, hizi sheli za bei ya chini mafuta yao ni salama? Shoga yangu ananiambia bei ikiwa chini ujue wamechakachua, gari litakuja kufa injini na hapo utalipa laki tano kwa kuokoa elfu mbili.


nilikuwa_pampu

Dada mimi nimefanya kazi sheli, nimesimama kwenye pampu Arusha na baadae Himo, sasaivi nipo kwenye biashara nyingine kwahiyo naongea nikiwa huru.

Bei ya chini peke yake sio dalili ya kuchakachua. Mwenye sheli ya pembezoni kiwanja chake ni cha familia, hana kodi ya mjini, wahudumu wawili, anataka magari yaingie ili mzigo uzunguke haraka, anakata kwenye faida yake anauza. Wa mjini katikati anajua utaingia tu kwasababu uko kwenye foleni na taa imewaka, kwanini ashushe? Na mchakachuaji mwenye akili wala hauzi bei ya chini, anauza bei ile ile ya wenzake ili asiangaliwe, faida yake ameshaipata ndani ya tenki.

Zamani tatizo lilikuwa kubwa kwasababu mafuta ya taa yalikuwa rahisi mno, watu wakachanganya kwenye dizeli na petroli. Ndo maana 2010 wakaanza kuweka vinasaba, ile kemikali inayowekwa kwenye mafuta yaliyolipiwa kodi kwa ajili ya soko la ndani, mkaguzi akija na kipimo akakuta vinasaba vimepungua anajua hapa kuna kitu kimeingizwa au ni mzigo wa nje ya nchi umeshushwa njiani. Alafu 2011 serikali ikapandisha kodi ya mafuta ya taa mpaka bei ikasogeleana na dizeli, mchezo ukakosa faida. Iliwaumiza waliokuwa wanapikia na kuwashia kandili, hilo nalisema maana nyumbani kwetu tuliumia, ila uchakachuaji ulipungua kweli.

Mimi ningekuwa wewe ningeogopa zaidi kupunjwa kipimo kuliko kuchakachuliwa. Fikiria, umefuata pungufu ya 70 kwenye 3,000, hiyo ni kama asilimia 2 na kidogo. Pampu ikikupunja mililita 25 kwa kila lita, 70 yako imekwenda na umeongezea. Kwahiyo angalia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu kama ni ya mwaka huu. Shuka kwenye gari. Hakikisha mashine imerudi sifuri ndo aanze, usiongee na simu wakati anaweka, wateja wengi wanaumia wakiwa kwenye simu. Chukua risiti na uisome, kuna lita, kuna bei ya lita, linganisha na ubao. Na ujijue gari lako, IST yako ukijaza mpaka juu huwa inaingia lita ngapi mshale ukiwa robo? Siku inaingia zaidi ya ilivyozoea, usirudi hapo. Ukiwa na ushahidi toa taarifa Wakala wa Vipimo au EWURA, wanafanyia kazi.

Na mtu asikudanganye uamke saa 11 alfajiri ukajaze eti kuna baridi mafuta yanakuwa mazito. Petroli inatanuka kama asilimia 0.1 kwa kila nyuzi moja ya joto hiyo ni kweli, lakini tenki la sheli liko chini ya ardhi, joto lake halipandi na kushuka kama la hewa. Hata ungepata tofauti ya nyuzi 5, kwenye lita 30 ni mililita 150, kama shilingi 450. Lala tu.


fundi_unga_ltd

Nimesoma yote nimefurahi ila jamani mnatafuta akiba nje wakati iko chini ya gari lenyewe. Mnaniletea magari hapa gereji Unga Limited, mtu anapiga simu sheli mpaka sheli kuuliza bei, namwangalia tairi zimekaa kama chapati.

Chukua hii. Kwa makadirio ya wizara ya nishati ya Marekani, kila psi 1 (kipimo cha upepo) inayopungua kwenye tairi zote nne inakula kama asilimia 0.2 ya mafuta. Inaonekana ndogo. Sasa gari la kuwekwa psi 33 mimi nalipima nakuta 23, tena mara nyingi tu, hiyo ni pungufu ya 10, ni asilimia 2, na asilimia 2 ya 3,000 ni shilingi 60 kwa kila lita unayoichoma, leo, kesho, hata ukijaza sheli iliyo mlangoni kwako. Ndo ile ile hela inayompeleka dada Kisongo! Na upepo unaweka kwa jero, sheli nyingine ukijaza mafuta wanakuwekea bure. Tena tairi inadumu.

Mzigo pia. Kila kilo 45 unayobeba bila sababu ni kama asilimia 1, na gari dogo kama IST linasikia zaidi. Toa hayo madumu ya maji na mfuko wa simenti uliobaki kwenye buti tangu mlipojenga choo. Ea klina ibadilishwe, njia za huku Muriet na Moshono zile za vumbi zinaijaza haraka kuliko kitabu kinavyosema. Plagi ziangaliwe.

Na hili naomba mlisome kwa sauti, hasa nyie wa Moshi mnaoshuka Kibosho, Machame, Marangu na Uru. ACHENI KUWEKA FREE (NYUTRO) KWENYE MTEREMKO. Mnadhani mnaokoa mafuta. Gari lolote la injekta, na magari yenu karibu yote ya kutoka Japani ni injekta, ukiachia ekseleta likiwa kwenye gia linateremka, kompyuta inakata mafuta, injekta hazitoi kitu, magurudumu ndo yanazungusha injini. Ukiweka free injini imeachwa peke yake, lazima inywe mafuta ili isizime. Kwahiyo unateremka unakula mafuta ambayo usingeyakula, na breki ndo inabeba gari lote peke yake, inapata moto, inafika mahali unakanyaga haishiki. Ilikuwa ina maana kwenye kabureta za zamani, sio sasaivi. Nimeshapokea magari hapa ya namna hiyo na sio yote dereva wake alikuja kulichukua mwenyewe.


mwl_wa_chuo

Fundi nashukuru sana kwa hilo la free, nitawapa na wanafunzi wangu wenye pikipiki za injekta.

Niseme kidogo kuhusu kwanini shemeji, na wengi wetu, tunavutwa na bei ya petroli kuliko vitu vingine. Mwaka 1981 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walitoa matokeo ya maswali waliyowauliza watu. Unanunua kikokotoo cha dola 15, unaambiwa duka lingine mwendo wa dakika 20 kinauzwa 10, utaenda? Asilimia 68 wakasema wataenda. Kundi lingine likaambiwa kikokotoo ndo cha dola 125 na duka lile kinauzwa 120, utaenda? Waliokubali walikuwa asilimia 29. Dola ni tano zile zile na dakika ni 20 zile zile. Sisi akili yetu inapima punguzo kwa kulilinganisha na bei ya kitu, haipimi hela yenyewe itakayobaki mfukoni.

Sasa petroli tunaambiwa bei ya lita moja, kwa tarakimu kubwa juu ya nguzo, kila mtu anaiona akiwa barabarani. 2,930 na 3,000 zikikaa pembeni ya barabara moja zinaonekana mbali sana. Ingekuwa ubao unaandika tenki la lita 30 ni 87,900 hapa na 90,000 pale, nani angetoka Njiro? Huku Kilombero sokoni mama huyo huyo anaweza kuacha elfu mbili kwenye fungu la nyanya na vitunguu bila kuuliza fungu la meza ya pili, hatua tano. Kwahiyo ushauri wangu dada, ukikaa na shemeji usiongee ya lita, ongea ya safari nzima, imetoka ngapi imerudi ngapi.


bibi_wa_pasua

Wanangu shikamooni mnaonizidi na marahaba kwa wengine. Mimi ni mstaafu, naishi Moshi hapa Pasua, nina kigari kidogo cha kunipeleka kanisani, sokoni Mbuyuni na hospitali ya KCMC kwenye kliniki yangu.

Mmesema vizuri lakini naona wote mnahesabu muda kama wa mtu aliyeajiriwa. Mimi muda wangu hakuna anayeununua. Nikizunguka mpaka sheli ya upande wa Majengo kwasababu iko chini kwa shilingi hamsini, sijapoteza abiria wala saa ya ofisi, na Moshi ni mji mdogo, sheli zote ziko ndani ya kilomita chache, kwa hesabu ya mhasibu nina kama kilomita nne kwenda na kurudi, zinanitosha kabisa. Lita 20 mara 50 ni elfu moja, mkate huo. Kwa pensheni ya mwalimu wa shule ya msingi sitaki mtu aniambie elfu moja si kitu. Kwahiyo wanaosema hailipi waseme hailipi kwa nani.

Ila mwanangu wa Njiro, wewe una watoto watatu na kazi. Jumamosi ni siku ya watoto kumwona mama yao. Na mume wako usimwone mbaya, mwanaume anayejua bei ya lita sheli ya Kisongo ni mwanaume anayefikiria nyumba yake, wapo wasiojua hata mafuta ya gari la mke anaweka nani. Mpe karatasi ya mhasibu baada ya kula, sio kabla.


dereva_wa_watalii

Bibi shikamoo, umeongea.

Kwa kifupi kwa wenzangu wa Land Cruiser, sisi hesabu imegeuka. Hatuendi mbali kufuata bei ya chini, tunaondoka penye bei ya chini tukiwa tumejaza yote. Dizeli jaza Arusha tenki zote mbili, la kujazia la mwisho liwe Karatu, maana Seronera ndani ya hifadhi ya Serengeti sheli ipo ila bei sio ya kuzoea, na foleni ya msimu wa Julai na Agosti wageni wanakuangalia wamekaa. Ila ukijua safari ni ya Tarangire tu kwenda na kurudi usibebe lita mia na sitini za bure, fundi kasema mzigo unakula, na dizeli nayo ni mzigo. Hapo weka inayotosha na ya akiba basi.


dada_wa_njiro

Jamani nimerudi. Nilifanya kama bibi alivyosema, baada ya kula. Nikamuuliza tu, baba nanihii, kutoka hapa mpaka ile sheli na kurudi ni kilomita ngapi, akafungua ramani kwenye simu akapiga mwenyewe, akachukua kalamu akagawanya mwenyewe, nikanyamaza. Alipofika kwenye 8,790 akarudia tena hesabu. Akasema basi kule nitajaza mimi nikienda kumwona kaka Monduli, wewe usiende tena kwa ajili ya mafuta.

Tumekubaliana hivi, njia yangu ya kazini nitapita na sheli mbili ambazo sio za kuchepuka, itakayokuwa chini ndo naingia, na yeye amechukua kazi ya kuangalia bei kikomo kwa *152*00# kila Jumatano ya kwanza ya mwezi anitumie. Ameridhika kabisa na mimi nimepata Jumamosi yangu. Asanteni wote, boda yangu ya Sanawari ile ya saa ya abiria nimemwambia akasema huyo kijana ana akili.

Fundi, nimeangalia tairi zangu kwa macho naona ziko kawaida. Hiyo psi 33 ndo ya IST au naangalia wapi?


fundi_unga_ltd

Kwa macho huwezi kuona, hata mimi siwezi. Fungua mlango wa dereva, kwenye nguzo ya bodi pale mlango unapofungia kuna stika ina saizi ya tairi na upepo wake, soma kulingana na saizi uliyovaa maana wengi mmebadilisha rimu. Pima asubuhi tairi zikiwa za baridi, kabla hujatembea, sio ukitoka kazini. Kama stika imebanduka pita gereji siku yoyote nikupimie, bure, na tairi ya spea usiisahau.